Jicho la Mpiga Picha Hufundwa Wapi?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni)



Tulipoulizwa tungependa kuzungumza juu ya jambo gani, tulijibu kwamba ni upigaji wa picha. Mwanachama mmoja akacheka, akasema, "Hilo nalo lina hotuba? Si kubonyeza tu?" Swali lake hatukulichukia, twalishukuru, maana ndilo lililotupa kichwa cha maneno haya. Kama kupiga picha ni kubonyeza tu, hapana haja ya kukaa hapa. Na twende zetu nyumbani. Lakini ikiwa watu wawili waweza kushika mashine moja, mbele ya mtu mmoja, na picha zao zisifanane hata kidogo, yatupasa kuuliza: tofauti hiyo yatoka wapi?

Kabla ya kujibu, yatubidi kuungama kosa letu wenyewe.

Sisi makarani twazijua picha kuliko watu wengi. Kila siku hupita mikononi mwetu picha ndogo za pasipoti zilizobanwa pembeni mwa fomu: uso umeelekea mbele, mabega sawasawa, nyuma ukuta mweupe. Picha hizo zina kazi yake, nayo ni kazi halali, yaani kumhakikishia afisa kwamba mwenye karatasi ndiye huyu. Hazikukusudiwa kusema zaidi ya hayo. Hatari ni kwamba mtu akizitazama kwa miaka kumi hudhani kuwa hivyo ndivyo binadamu apasavyo kupigwa picha.

Ilitokea ofisini kwetu kwamba tarishi mmoja, mzee wa heshima, alimaliza utumishi wake wa miaka 31. Wenzetu walichanga fedha za zawadi, nasi kwa kuwa tunayo kamera tukaombwa kumpiga picha ya kumbukumbu. Tulimsimamisha ukutani, tukamwambia anyoshe mikono, atazame mbele, asicheke. Tukapiga, tukasafisha, tukaitia picha katika fremu ya kioo, naye akakabidhiwa siku ya kuagana. Mzee akaiangalia kwa kitambo, kisha akatuita kando akasema kwa upole, "Ahsante, mwanangu. Lakini huyu ni yule wa kwenye faili. Mama watoto hatamjua."

Hatukuwa na la kujibu. Picha ilikuwa safi, haina ukungu, wala mwanga haukupungua. Kosa halikuwa la mashine. Kosa lilikuwa letu, kwa sababu jicho letu halikujua picha nyingine ila ile ya fomu.

Tangu siku ile tulianza kutafuta habari za wapiga picha waliosifiwa, tupate kujua walifundwa wapi. Tulidhani tutakuta habari za lenzi na dawa za kusafishia. Tulizikuta, lakini lililotushangaza ni jambo jingine: wengi wao walikuwa na sanaa nyingine waliyoipenda kabla ya kamera, au pamoja na kamera, na sanaa ile ndiyo iliyoyafundisha macho yao. Tutatoa mifano michache. Hatukuleta picha zenyewe, kwa hiyo tutazieleza kwa maneno, nanyi mtuvumilie.

Wa kwanza ni Ansel Adams, Mmarekani, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1902 na kufariki mwaka 1984. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alianza kujifunza piano, na kwa miaka mingi nia yake ilikuwa kuishi kwa kupiga piano mbele za watu. Kamera yake ya kwanza, Kodak Brownie, aliipata mwaka 1916 alipokwenda pamoja na wazazi wake kutembelea bonde la Yosemite, penye majabali na maporomoko ya maji. Hata ilipokaribia mwaka 1930 ndipo alipokata shauri kuiacha piano na kuifanya kamera kazi yake. Walakini muziki haukumwacha. Alizoea kuifananisha negativu, yaani ile filamu ambayo ndani yake cheupe huonekana cheusi na cheusi huonekana cheupe, na karatasi ya nota iliyoandikwa na mtunga muziki. Na picha iliyosafishwa juu ya karatasi aliifananisha na muziki wenyewe unapopigwa.

Wale kati yetu walioimba katika kwaya za misioni watalifahamu jambo hili mara moja. Nota ni zile zile, lakini kwaya mbili haziziimbi sawasawa. Moja hupandisha sauti pasipostahili, nyingine hujua mahali pa kunong'ona. Mwaka 1941, katika jimbo la New Mexico, Adams aliona mwezi umepanda juu ya kijiji cha Hernandez, na jua la jioni likiimulika misalaba ya makaburini. Aliwahi kupiga mara moja tu, kisha mwanga ukatoweka. Lakini negativu ile moja aliisafisha tena na tena kwa miaka mingi, na katika picha za miaka ya baadaye aliifanya mbingu kuwa nyeusi zaidi kuliko alivyoifanya kwanza, hata mwezi ukabaki peke yake, kama sauti ya mwimbaji mmoja wenzake walipokwisha kunyamaza. Mwimbaji ajua kwamba kimya ni sehemu ya wimbo. Basi na giza nalo ni sehemu ya picha, wala si uchafu wa kuondolewa.

Tuje sasa Afrika, katika mji wa Bamako, nchi ya Mali. Hapo palikuwa na Seydou Keïta, aliyezaliwa mnamo mwaka 1921 na kufariki mwaka 2001. Kazi yake ya kwanza ilikuwa useremala. Mwaka 1935 jamaa yake mmoja aliyetoka safari ya Senegali alimletea kamera ndogo, na mwaka 1948 akafungua studio. Seremala hupima kabla ya kukata, maana ubao uliokwisha kukatwa haurudi. Keïta naye kwa kawaida alimpiga mteja wake mara moja tu. Alimweka uani, katika mwanga wa jua, akamgeuza bega kidogo, akamweka mkono mahali pake, na nyuma yake akatundika kitambaa chenye nakshi; kitambaa cha kwanza kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Katika picha zake nguo ya mteja ina maua, kitambaa cha nyuma kina maua, lakini uso haupotei katikati ya maua hayo. Watu waliokuja kwake walikuwa watu wa kawaida, nao walitoka wakiwa na picha ambayo mtu huipeleka kwa wakwe bila haya. Mwaka 1962 Serikali ya Mali ilimwajiri awe mpiga picha wake, akawa mtumishi wa Serikali kama sisi.

Katika mji huo huo alitokea Malick Sidibé, aliyefariki mwaka 2016. Yeye alijifunza kuchora na usonara katika shule ya mafundi. Mwaka 1955 Mfaransa mmoja mwenye duka la picha alimtaka aje alipambe duka lake. Akaingia na brashi, akabaki na kamera. Picha yake ijulikanayo sana ni ya mwaka 1963, usiku wa Noeli: kijana mwanamume aliyevaa suti na msichana wanacheza muziki, vichwa vyao vimekaribiana, wote wawili wanatazama miguu, na yule msichana hana viatu. Sonara huishi kwa kutazama kitu kidogo ambacho wengine hawakioni, na katika picha hii kitu hicho ni miguu ile isiyo na viatu, iletayo furaha yote ya usiku ule. Mwaka 2007 huko Venice, Italia, alipewa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake, naye alikuwa mpiga picha wa kwanza, na Mwafrika wa kwanza, kupewa heshima hiyo.

Mfano wa tatu watuhusu zaidi, kwa kuwa ulitokea ndani ya ofisi ya Serikali. Gordon Parks, Mmarekani mweusi, alizaliwa Kansas mwaka 1912, mtoto wa mwisho wa watoto 15 katika nyumba maskini. Alijifunza piano kwa kusikia tu, akaipiga kwa kujipatia riziki. Kisha akawa mhudumu wa chakula katika gari la moshi. Humo aliona, katika gazeti lililoachwa na abiria, picha za wakulima maskini waliokuwa wakitangatanga kutafuta kazi, naye alipokuwa na umri wa miaka 25 hivi akanunua kamera iliyokwisha kutumiwa.

Mwaka 1942 alipata nafasi ya kujifunza kazi mjini Washington, katika idara ya Serikali iliyoshughulika na hali za wakulima, chini ya Roy Stryker. Mara alipofika, Stryker alimwambia aiache kamera, aende mjini akanunue nguo, ale chakula, aingie sinema. Kila alipokwenda alikataliwa kwa sababu ya rangi yake. Akarudi ameghadhibika, akitaka kuyaonyesha yote kwa kamera, lakini hakujua aanzie wapi, maana ubaguzi hauna sura ya kupigwa picha. Stryker akamwonyesha mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia na kupiga deki katika jengo lile lile, akamwambia azungumze naye. Jina lake Ella Watson.

Sasa angalieni jinsi sanaa moja izaavyo nyingine. Mwaka 1930 mchoraji Grant Wood alikuwa amechora picha ya rangi iliyopata sifa kubwa Marekani, nayo imo katika nyumba ya sanaa ya Art Institute of Chicago. Ndani yake mkulima mzungu na mwanamke wamesimama mbele ya nyumba yao, na mkulima ameshika uma wa kukusanyia nyasi. Watu wengi waliitazama picha hiyo kama sura ya taifa la Marekani. Parks alimsimamisha Ella Watson vivyo hivyo, uso kwa uso na mtazamaji. Lakini mahali pa nyumba aliiweka bendera ya Marekani, na mahali pa uma aliuweka ufagio, na deki kando yake. Picha hiyo ikajulikana kwa jina lile lile la mchoro wa Wood, American Gothic.

Mtu asiseme kwamba Parks aliiga. Mwigaji huchukua jibu la mwenzake. Parks alichukua sura ambayo kila mtu aliijua, akauliza kwayo: Je, na huyu si taifa? Hakupaza sauti wala hakutukana mtu. Wala hakuishia hapo. Alimfuata mama yule nyumbani kwake na kanisani kwake, akampiga picha pamoja na wajukuu wake, hata mtazamaji akajua kwamba mshika ufagio ana nyumba, ana imani, na ana watu wanaomtegemea. Ndugu watumishi, mojawapo ya picha mashuhuri za karne ya ishirini ni picha ya mfagiaji wa ofisi. Yeye huja makarani wakisha kuondoka, na asubuhi hapana aulizaye ni nani aliyesafisha meza. Parks alimwona, kwa sababu alikuwa amejifunza kwa mchoraji namna ya kumsimamisha mtu ili aonekane. Baadaye aliandika vitabu, akatunga muziki, na mwaka 1969 akaongoza sinema iliyotokana na kitabu chake mwenyewe, na muziki wake pia akautunga yeye.

Tutamtaja mmoja zaidi kwa ufupi, kwa kuwa habari yake imetajwa pamoja na ziwa letu. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1908, alijifunza uchoraji kwanza, kwa mwalimu André Lhote. Mnamo mwaka 1931 aliiona picha iliyopigwa na Martin Munkácsi, Mhungaria: wavulana watatu Waafrika, uchi, wanakimbilia mawimbi, na miili yao imekuwa vivuli vyeusi juu ya maji meupe. Picha hiyo imejulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika, ijapokuwa wengine husema ilipigwa Liberia. Yeye mwenyewe alikiri kwamba picha hiyo ndiyo iliyomwasha moto, na mwaka 1932 akanunua kamera ya Leica. Baada ya miaka 40 hivi ya sifa alirudia kalamu yake ya kuchorea, na mpaka alipofariki mwaka 2004 alipenda kuchora kuliko kupiga picha.

Hapa ndipo swali linapotugeukia sisi. Watoto wanaokimbilia maji twawaona kila siku, Kigoma, Bagamoyo, Tanga, Mombasa na Kisumu. Mbona tulihitaji mgeni atuonyeshe kwamba ni wazuri? Kwa miaka mingi watu wetu walipigwa picha na wengine: mara kama namba ya kabila, mara kama pambo la kadi ya posta. Nasi tukishika kamera leo bila ya jicho letu wenyewe, tutawapiga baba zetu kama wageni walivyowapiga, au kama ofisi inavyowapiga. Hilo ndilo kosa tulilomtendea tarishi wetu. Mwacha asili ni mtumwa.

Na asili tunayo. Marehemu Shaaban Robert, aliyeishi tangu 1909 hata 1962, alikuwa karani kama sisi. Aliingia kazi ya Forodha mwaka 1926. Daftari za ofisi hazikumzuia kutunga, na wako wengi kati yetu ambao hutunga beti jioni wakisha kufunga faili. Katika shairi la kawaida mstari una mizani 16, nane na nane, na kina kati na kina mwisho. Kina ni sauti inayorudi, na sikio hufurahi linapoitambua. Basi macho nayo yana vina. Mviringo wa ungo ukirudiwa na mviringo wa mtungi, jicho hufurahi vile vile. Katika utenzi vipande vitatu vya ubeti hulingana kwa kina chao, na cha nne huchukua kina kinachorudi katika kila ubeti mpaka mwisho. Mwenye kutaka kupiga picha nyingi za jambo moja, kama arusi au mavuno, na ajifunze hapo: kila picha iwe na habari yake, lakini pawe na kitu kimoja kinachorudi na kuzifunga zote pamoja.

Kadhalika milango ya Unguja na Lamu. Fundi aliutia ufundi wake mwingi katika miimo na kizingiti cha juu, yaani pembezoni, mahali ambapo mpiga picha mgeni wa kazi hapaangalii kamwe. Ndiyo maana picha zetu nyingi zina mkono uliokatwa na ndoo isiyo na kazi. Mchonga mlango angetuambia, "Anzeni pembeni."

Basi tulirudi kwa mzee wetu, nyumbani kwake, alasiri. Tulikaa saa nzima bila ya kuitoa kamera, tukazungumza, mama akatuletea kahawa. Baiskeli aliyopelekea barua ilikuwa imeegemea ukuta, na juu yake ukutani ulitundikwa ungo. Mzee alikuwa ameketi mlangoni, nusu ya uso katika mwanga na nusu katika kivuli cha nyumba, kofia yake kichwani. Ndipo tukaviona vina: gurudumu, ungo, kofia. Hatukumwambia anyoshe mikono. Ilikuwa imepumzika magotini, baada ya kubeba barua za watu kwa miaka 31. Tulipiga mara moja. Tulipoipeleka picha, mama aliitazama akasema neno moja tu: "Ndiye."

Miezi michache baadaye mzee alifariki. Tulipokwenda matangani tuliikuta picha ile ya pili imetundikwa sebuleni. Ile ya kwanza hatukuiona.

Tumalize kwa mashauri machache, ambayo hayahitaji mshahara mkubwa. Kwanza, kila mwanachama aiulize sanaa aipendayo, iwe kwaya, ushairi, ususi wa mikeka au ngoma, imfundishe jambo moja juu ya kutazama. Pili, kabla ya kupiga picha ichoreni kwa kalamu ya risasi nyuma ya karatasi iliyokwisha kutumika. Mchoro ukiwa mbaya haidhuru, mkono utakuwa umelilazimisha jicho kuona. Tatu, siku hizi wengi wetu twachukua kamera ndani ya simu, na kwa siku moja mtu hupiga picha 100. Tujaribu kufanya kama Keïta, kupima kwanza, kisha kupiga moja. Nne, tukipenda kazi ya mtu tuchukue swali lake, tusichukue jibu lake. Na la mwisho, tuketi na mtu kabla ya kumpiga, tumwombe ruhusa, kwa maana huenda picha hiyo ndiyo watakayobaki nayo wajukuu wake.

Ndugu yetu aliyeuliza kama si kubonyeza tu, twamjibu kwa heshima: ni kweli, mwisho wake ni kubonyeza. Hata barua mwisho wake ni kutia sahihi. Lakini hapana karani hapa asiyejua kazi iliyotangulia sahihi ile.